Mbao ya Resini Katika Fimbo ya Pool: Iwekwe Wapi, Iachwe Wapi?

Mtu anayeagiza fimbo yake mwenyewe ya pool hukutana na swali ambalo halina jibu moja: mpini uwe wa mbao ya msitu au wa mbao ya resini? Mmoja atamwambia kwamba mbao ya resini ni plastiki yenye rangi, na fimbo yake imekufa mkononi. Mwingine ataapa kwamba ndiyo mbao pekee isiyopinda. Wa tatu ataingiza habari za msitu: anayekata mukula au mulombwa kwa ajili ya mchezo anasaidia kuumaliza msitu wa miombo wa Katanga, kwa hiyo mwenye dhamira achague resini.

Kwa seremala wa Kikula, mtaa wenye watu wengi pale Likasi nchini Kongo (DRC), hayo si mabishano ya kupitisha jioni. Kipande cha mbao ya resini hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa dola, ilhali mulombwa huota katika misitu ya Katanga yenyewe. Akikosea kuchagua, hasara ni yake. Basi ni vema hoja zichambuliwe moja moja, kwa sababu watatu hao hawazungumzii kitu kimoja, wala sehemu moja ya fimbo.

Vitu vinne chini ya jina moja

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye kitu chenyewe. Jina "mbao ya resini" hubandikwa vitu vinne.

Cha kwanza ni mbao ya tabaka iliyoshibishwa. Vinia nyembamba za mti wa betula hutiwa rangi, hunyweshwa resini ya fenoli, hupangwa moja juu ya nyingine, kisha hukandamizwa kwa joto na shinikizo kubwa mpaka ziwe bamba moja zito. Mbinu hii iliendelezwa katika maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, mjini Madison, Wisconsin, katika miaka ya 1930 na 1940, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mbao za jamii hii zilitumika kutengeneza propela za ndege. Kwa mafundi wa fimbo wa Marekani jina lililovuma ni Dymondwood, bidhaa ya kampuni ya Rutland Plywood ya jimbo la Vermont.

Cha pili ni mbao ya tabaka iliyogundishwa tu. Kwa macho inafanana na ile ya kwanza, ina mistari ya rangi ileile, lakini resini haikuingia ndani ya nyuzi. Iko kwenye mstari wa gundi. Mbao hii bado hunywa maji na hutanuka.

Cha tatu ni mbao asilia iliyoimarishwa. Kipande kikavu hutumbukizwa kwenye resini ya akriliki ndani ya chombo, hewa hunyonywa kwa pampu, resini hushika nafasi ya hewa, kisha kipande hupashwa joto linalopita kidogo nyuzi 90 mpaka resini igande.

Cha nne si mbao kabisa. Ni bamba la kitani au karatasi lililoshibishwa resini ya fenoli, kama Micarta, iliyoanza kutengenezwa na Westinghouse mnamo 1910. Hili hutumika sana kwenye kipete kilicho chini ya ngozi ya ncha na kwenye pete za kiungio.

Anayesema "resini haipindi" huwa anazungumzia cha kwanza au cha nne. Anayesema "niliinunua ikapasuka" huenda aliuziwa cha pili. Uchambuzi huu unahusu hasa cha kwanza.

Resini haikuanzia kwenye fimbo

Wanaosema resini ni mgeni katika mchezo huu wanasahau mipira iliyo mezani. Katika karne ya 19 mipira bora ya biliadi ilikerezwa kutoka pembe za ndovu, na Katanga ilikuwamo katika biashara hiyo: Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo, mpaka alipouawa Desemba 1891, alipeleka pembe na shaba kwa misafara ya pwani ya mashariki na ya magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1860, John Wesley Hyatt wa Albany, New York, alitengeneza selulodi akitafuta mbadala wa pembe. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, akapata resini ya fenoli iliyoitwa Bakelite. Leo mipira inayosifiwa zaidi, Aramith ya kampuni ya Saluc ya Ubelgiji, ni ya resini ya fenoli.

Historia hii ina uzito, ila isivutwe kupita kiasi. Resini ilishinda kwenye mpira kwa sababu kila kinachotakiwa kwa mpira kinapimika: uduara, uzito, ugumu, mdundo. Fimbo ina hayo, na ina jambo la ziada, nalo ni mkono. Sehemu ya thamani yake ni namna inavyojisikia na inavyolia inapopiga, na hapo mizani na rula hazitoshi.

Kazi ya kila sehemu

Fimbo ya kawaida ya pool ya Kimarekani ina urefu wa takriban sentimita 147 na uzito wa gramu 510 hadi 600. Kanuni za shirikisho la dunia, WPA, zinadai urefu usiopungua sentimita 102, uzito usiozidi gramu 709 hivi na upana wa ncha usiozidi milimita 14. Ndani ya mipaka hiyo fundi ana uhuru mkubwa.

Fimbo ina nusu mbili. Ufito wa mbele, kwa kawaida wa mti wa mepli wa Amerika Kaskazini, unabeba kipete na ngozi. Mpini wa nyuma una sehemu ya mbele inayonenepa polepole, mahali pa kushika, mkono wa nyuma, na kitako chenye mpira wa kuzuia mgongano na sakafu. Katikati kuna kiungio chenye skurubu na pete zake.

Ngozi hugusa mpira kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mchezaji akipiga pembeni ya kitovu cha mpira, ncha husukumwa kando, na katika muda huo mfupi ni sentimita 15 hadi 20 za mbele tu zinazowahi kuingia katika msukumo huo wa kando. Ndiyo maana watengenezaji wa fito za kisasa hupunguza uzito wa ncha: mpira mweupe haukengeuki sana kutoka kwenye mstari uliolengwa. Mbao ya kitako haimo katika hesabu hiyo. Kazi ya mpini ni nyingine: kuleta uzito wa jumla, kuamua fimbo ielemee mbele au nyuma, kushika skurubu, na kustahimili jasho na bia.

Kwa hiyo anayeahidi kwamba mpini wa resini utanyoosha mpigo anauza kisichokuwepo. Na anayedai kwamba resini kwenye kitako itaharibu shabaha hana ushahidi pia.

Hoja ya mbao asilia

Watetezi wa mbao ya msitu wana hoja nne nzito.

Ya kwanza ni hisia. Mbao yenye nyuzi ndefu hupeleka mtetemo mkononi kwa namna ambayo mchezaji mzoefu anaifasiri: anajua kama ameupiga mpira katikati kabla hajauona unakokwenda. Bamba zito la resini hupunguza mtetemo huo, au huubadilisha uwe mlio mkali na mfupi. Wapo wanaoupenda, lakini si wote.

Ya pili ni upekee. Anayelipia fimbo ya kuagiza analipia kitu kisicho na pacha. Kipande cha mulombwa chenye michirizi ya kahawia na dhahabu hakirudiwi, wakati bamba la kiwanda linarudiwa kwa maelfu.

Ya tatu ni matengenezo. Mbao ya kawaida hukubali gundi nyeupe ya useremala, hukubali kiraka, na fundi yeyote mwenye randa na msasa anaweza kuishughulikia.

Ya nne ni upatikanaji. Mwezi Agosti 2014 moto uliteketeza kiwanda cha Rutland, na Dymondwood ikakoma kutengenezwa. Mafundi waliokuwa wameizoea walibaki wakigombania akiba iliyosalia na kutafuta mbadala. Fundi anayetegemea kiwanda kimoja cha bara jingine hubeba hatari ambayo mwenye mti karibu haijui.

Udhaifu wa upande huu ni muda. Mbao ya msitu hukaushwa, hukerezwa kidogo, huachwa itulie kwa wiki kadhaa, kisha hukerezwa tena, mara nyingi, mpaka mikazo yake ya ndani iishe. Anayefanya haraka hupata fimbo iliyonyooka siku ya kuuzwa na kupinda mvua za kwanza zinaponyesha. Katika mji wenye miezi mirefu ya kiangazi kikavu na miezi ya mvua nyingi, kosa hilo halijifichi. Na si kila fundi ana mtaji wa kuacha mbao zilale miezi sita bila kuleta chakula.

Hoja ya resini

Nguvu kuu ya mbao iliyoshibishwa ni utulivu. Nyuzi zake zimejaa resini, hivyo unyevu haupati pa kuingilia. Bia ikimwagikia kitako, hufutwa. Skurubu ikikatiwa hesi ndani yake, hesi hushika imara kuliko kwenye mbao laini. Haihitaji kusubiri: bamba likifika leo, linaweza kukerezwa kesho.

Uzuri wake pia ni wa aina yake. Kipande cha mraba chenye tabaka za rangi kikiwekwa kwenye mashine na kuzungushwa, patasi inapokata mviringo hukatiza tabaka kwa pembe tofauti, na mistari iliyokuwa imenyooka hugeuka kuwa mapinde yanayochongoka kuelekea upande mwembamba. Mbao ya msitu haitoi umbo hilo.

Lakini utulivu huo una gharama inayosahaulika. Sehemu moja isiyotanuka ikigundishwa kwenye nyingine inayotanuka, ugomvi huhamia kwenye mstari unaozikutanisha. Mpini wa milimita 30 uliotengenezwa kwa mbao asilia unaweza, kati ya kiangazi na masika, kubadilika upana kwa sehemu chache za kumi za milimita. Jicho halioni kitu, ila kidole kinachopita juu ya maungio hukuta kizingiti kidogo mahali palipokuwa laini. Mteja hulalamika kwamba resini imevimba, kumbe kilichotembea ni mbao.

Gundi nayo ni tatizo. Gundi nyeupe hufanya kazi kwa kunywewa na mbao. Mbao iliyokwisha kushiba haina kiu. Fundi lazima aukwaruze uso kwa msasa mkavu, aufute mafuta, na atumie gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Akipitisha njia ya mkato, kiungo huachia kwa pigo moja la sakafuni.

Tatizo la tatu ni vyombo. Resini hula makali ya patasi za chuma cha kawaida; inataka visu vya kabaidi na mwendo wa taratibu, la sivyo tabaka hubanduka kingoni na uso huungua. Badala ya nyuzi ndefu zinazojikunja, mashine hutema vumbi na vipande vifupi vyenye harufu kali. Vumbi hilo huwasha macho na koo, na barakoa ni lazima. Hapa haki itendeke kwa pande zote: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao lenyewe katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1995. Barakoa inahitajika hata kwa mulombwa.

Hoja ya msitu na sheria

Hoja hii ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Ni kweli kwamba mukula, Pterocarpus tinctorius, uliandamwa vibaya katika Haut-Katanga na Zambia katika muongo wa 2010, magogo yakielekea soko la samani nyekundu la China. Mkutano wa 2019 wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) mjini Geneva uliuingiza mti huo katika Kiambatisho II, na mkutano wa Panama wa 2022 ukaongeza jamii za Pterocarpus za Afrika, mulombwa ukiwamo. Mpingo ulikuwa umekwisha kuingia pamoja na jamii nzima ya Dalbergia kwa uamuzi wa Johannesburg wa 2016. Ndani ya nchi, Sheria ya Misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inataka ukataji wa miti uwe na kibali.

Kiambatisho II hakimaanishi marufuku. Kinamaanisha biashara ya kuvuka mpaka yenye hati. Kwa mulombwa na mukula, vinavyotajwa ni pamoja na magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia na plaiwudi. Kwa fundi maana yake ni hii: mzigo unaohitaji karatasi pale mpakani Kasumbalesa ni kipande cha mbao kabla hakijawa fimbo. Anayekereza Kikula kwa mteja wa Likasi ana wajibu mwingine, wa kujua mbao yake imetoka kwa mkataji mwenye kibali au la.

Je, resini inauokoa msitu? Tukipima kiasi, hoja inadhoofika. Mpini mzima wa fimbo hauzidi nusu lita ya mbao. Unapatikana kwenye mabaki ya seremala wa milango na vitanda. Miombo inayozunguka Likasi na Lubumbashi inaliwa zaidi na makaa ya kupikia na mashamba, na mukula uliliwa na makontena ya magogo. Kubadilisha mipini ya fimbo hakugusi hata kimoja kati ya hivyo.

Tena resini nayo ina chanzo chake: fenoli na fomaldehidi ni mazao ya kiwanda cha kemikali, na bamba husafirishwa maelfu ya kilomita. Mfano wa Kilwa, Tanzania, unaonyesha njia nyingine: mwaka 2009 misitu ya vijiji yenye mpingo ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, wanakijiji wakawa na sababu ya kuutunza mti kwa kuwa una mnunuzi halali. Mti usio na bei kwa jirani yake huishia kwenye tanuru la makaa.

Hata hivyo hoja ya msitu haifutiki kabisa. Kwa mbao nyeusi nzito, ambazo fundi hulazimika kuzichagua safi bila ufa na kutupa nyingi, vifaa vya resini hupunguza upotevu. Watengenezaji wa klarineti walilitambua hilo mapema: Buffet Crampon ya Ufaransa ilianzisha Green Line katika miaka ya 1990, ala iliyotengenezwa kwa unga wa mpingo uliounganishwa na resini na nyuzi za kaboni. Mabaki yakapata kazi.

Tupime kwa gramu

Mabishano mengi hutulia mizani inapoingia. Chukua mahali pa kushika pa sentimita 30, pana kwa wastani milimita 28. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 185. Kwa mulombwa wenye uzito wa gramu 0.62 kwa kila sentimita ya ujazo, kipande hicho kina gramu 115. Kwa mepli ya 0.7, gramu 130. Kwa mbao iliyoshibishwa na kukandamizwa, inayofikia 1.3, gramu 240.

Tofauti ya gramu 125 ni karibu robo ya fimbo nzima. Fimbo ya gramu 530 inakuwa ya 655: bado halali kwa kanuni za WPA, lakini nzito nyuma, yenye kuchosha mkono na kumnyima mchezaji ulaini wa mpigo mfupi. Hapa ndipo chanzo cha malalamiko kwamba fimbo ya resini "imekufa". Mara nyingi imezidiwa uzito.

Sasa chukua mkono wa nyuma wa sentimita 5, pana kwa milimita 31. Mulombwa unaleta gramu 23, resini gramu 49. Tofauti ni gramu 26, ambayo fundi anaweza kuitumia kwa faida badala ya kupachika boliti ya kuongezea uzito. Kwenye pete ya kiungio ya sentimita 2, tofauti ni gramu 5 hivi. Kadiri kipande kinavyokuwa kifupi, ndivyo hasara za resini zinavyopungua na faida zake zinavyobaki.

Kinachowezekana Likasi

Kukereza si kazi ngeni katika mji huu. Karakana za Panda, zilizojengwa kuhudumia kampuni za madini, Union Minière na baadaye Gécamines, zilifanya ufundi wa mashine kuwa sehemu ya maisha ya Likasi. Ujuzi wa kukata hesi ya skurubu ya kiungio kwa usahihi ni uleule wa fundi chuma.

Kutengeneza bamba lililoshibishwa ni jambo jingine. Linataka mashine ya kukandamiza yenye joto na shinikizo la kiwandani. Mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira iko jirani, ila ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mtaa unajua umeme unavyokatika. Joto likikatika katikati ya kuganda, bamba limeharibika.

Kinachowezekana katika atelie ndogo ni ile aina ya tatu: kuimarisha mabaki ya mulombwa kwa pampu ya ombwe na tanuri dogo, katika saa ambazo umeme upo au kwa jenereta. Matokeo hayalingani na bamba la kiwandani kwa utulivu, lakini yanabaki na sura ya mti wenyewe.

Muhtasari

Ufito wa mbele ubaki mbao yenye nyuzi zilizonyooka. Bamba lililoshibishwa ni zito mno pale, na uzito wa mbele ndio unaokengeusha mpira. Kipete na pete za kiungio ni mahali halali pa resini ya kitani: ni vidogo, hupigwa, na hushika hesi. Sehemu ya mbele ya mpini na mahali pa kushika pawe pa mbao asilia iliyokauka vizuri, kwa sababu ya uzito na hisia. Mkono wa nyuma na kitako, vinavyokutana na sakafu na bia, vinaifaa mbao ya tabaka iliyoshibishwa, mradi gundi iwe epoksi na mbao jirani iwe imetulia.

Msitu usitumiwe kama kisingizio kwa upande wowote. Atakayechagua mulombwa aulize kibali. Atakayechagua resini asijipe sifa ya kuokoa miombo. Na muuzaji, kabla ya kutaja bei, aseme wazi ni kipi kati ya vile vinne alichokiweka, kwa kuwa mteja aliyelipia mbao iliyoshibishwa na kupewa iliyogundishwa tu amedanganywa, hata kama rangi zinafanana.